Dakika Kumi za Kitabu Nyumbani

Haya ni maandishi ya mazungumzo kwa wazazi na walezi wa watoto wa chekechea. Walimu, viongozi wa dini na wazee wa vijiji wanaweza kuyasoma mbele ya wazazi shuleni, msikitini, kanisani au barazani.



Mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye kibanda cha samaki. Chukulia mama anayekaanga samaki kando ya barabara, iwe ni Mtwapa, Malindi au Mariakani. Jioni wateja wakifika, mama hukata kipande cha gazeti kuukuu, hufunga samaki, hupokea pesa, kisha humgeukia mteja anayefuata. Kando yake ameketi mtoto wa miaka mitano aliyetoka chekechea mchana. Kipande kimoja cha gazeti kinaanguka. Mtoto anakiokota, anaweka kidole kwenye herufi kubwa na kuuliza, "Mama, hapa pameandikwa nini?"

Mama huyo anaweza kujibu kwa njia mbili. Anaweza kusema, "Wacha hiyo karatasi ina mafuta, kamuulize mwalimu wako kesho." Au anaweza kusema, "Lete tuone. Hii ni M, ile ya mama." Jibu la pili halichukui hata nusu dakika, na samaki hawaungui. Lakini mtoto aliyejibiwa hivyo kila jioni huingia gredi ya kwanza akiwa amezoea maandishi, na mwenzake aliyefukuzwa huingia akiyaogopa.

Kazi ya nani?

Wazazi wengi huona kwamba kusoma ni kazi ya shule. Sare imenunuliwa, mtoto amepelekwa, yaliyobaki ni ya mwalimu. Fikira hiyo inaeleweka, kwa maana mzazi hutoka asubuhi na kurudi amechoka. Hata hivyo, mwalimu wa chekechea ana darasa zima la kuangalia, na watoto wengi hurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu hawezi kumpakata kila mtoto na kumsomea peke yake. Mzazi au mlezi anaweza.

Mtoto hujifunza kuzungumza nyumbani, na hakuna mama aliyepewa cheti cha kumfundisha. Hujifunza kwa kusikia. Kusoma nako hupitia masikioni kwanza. Maneno ya kila siku nyumbani ni machache: njoo, kula, oga, nyamaza, lete maji, lala. Hadithi huleta mengine: jahazi, msitu, huzuni, ujasiri, ahadi. Mtoto aliyewahi kuyasikia maneno hayo huyatambua haraka atakapoyakuta darasani. Anaposomewa, huona pia kwamba maandishi huanza kushoto kwenda kulia, kwamba kurasa hufunuliwa moja baada ya nyingine, na kwamba hadithi ina mwanzo na mwisho. Mtoto hujifunza hayo bila kufundishwa, akiwa ameegemea bega la mtu anayempenda.

Haifai kungoja mtoto afikishe umri wa kwenda shule. Mwaka wa 2014, chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani kiliwataka madaktari wake wawahimize wazazi kusoma kwa sauti pamoja na watoto wao tangu wakiwa wachanga. Mtoto mchanga haelewi hadithi, lakini anaijua sauti ya mama, na anaona mama anashika kitu kinachomfurahisha. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Kiswahili nacho humsaidia mzazi, kwa sababu huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua irabu tano, a, e, i, o, u, na akaziunganisha na herufi nyingine, ba, be, bi, bo, bu, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Na kama nyumbani watu huongea Kigiriama, Kichonyi au lugha nyingine, hakuna kilichoharibika. Mzazi anaweza kusoma kwa Kiswahili na kueleza kwa lugha ya mama. Mtaala wenyewe unataka watoto wa chekechea na wa gredi za kwanza wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali wanapoishi.

Mzazi asiyejua kusoma

Kuna jambo zito ambalo ni nadra kutajwa barazani. Wako wazazi ambao hawamsomei mtoto kwa sababu wao wenyewe hawajui kusoma, au walitoka shuleni mapema na wakasahau. Mtoto akileta kitabu, baba husema amechoka, au huchukua kofia yake na kutoka. Mtoto hajui kwamba baba anaona haya. Anachokiona ni kwamba kila anapoleta kitabu, baba huondoka. Akiona hivyo mara kadhaa, huacha kukileta.

Mzazi huyo hana sababu ya kuona haya, na hana sababu ya kuondoka. Akae. Afungue kitabu chenye picha na kumuuliza mtoto, "Huyu ni nani? Anafanya nini? Unadhani kitatokea nini?" Mtoto ataeleza, na kueleza huko ni sehemu ya kusoma. Kama kuna ndugu mkubwa aliye gredi ya nne au ya tano, asome yeye kwa sauti, na mzazi asikilize pamoja na wadogo huku akiuliza, "Kisha ikawaje?" Mtoto anayesoma akiona mama yake anangoja mwisho wa hadithi, atautafuta ukurasa unaofuata.

Nyanya na babu nao wana maktaba kichwani. Wao ndio waliokua wakiitikia "Pakawa!" kila walipoitwa "Paukwa!", na waliojibu "Tega!" waliposikia "Kitendawili!" Hadithi za Sungura na Fisi, za chanzo cha mlima au mto fulani, na za ukoo na safari zake, zinamfundisha mtoto kusikiliza mpaka mwisho na kukumbuka. Hadithi hizo zinaweza kuwa vitabu vilevile. Nyanya anasimulia, mjukuu mkubwa anaandika, mdogo anachora. Karatasi chache zinakunjwa katikati na kushonwa kwa sindano na uzi. Hicho ni kitabu, na huenda mtoto akakipenda kuliko vya dukani, kwa kuwa kina jina la nyanya yake.

Kwa mzazi anayetamani kujifunza mwenyewe, mlango haujafungwa. Wakenya wengi wanamkumbuka mzee Kimani Maruge wa Eldoret. Mwaka wa 2004, baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo, alijiandikisha darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84, akavaa sare na kuketi na watoto wadogo. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka uliofuata alifika New York kuzungumzia elimu kwenye Umoja wa Mataifa. Mzazi wa miaka 35 au 50 anayekwenda kwenye masomo ya watu wazima, yale ambayo wengi huyaita ngumbaru, ana muda mwingi kuliko aliokuwa nao mzee Maruge. Na mtoto anayemwona mama yake akiandika katika daftari jioni hahitaji mahubiri kuhusu umuhimu wa elimu.

Vitabu vitatoka wapi?

Pesa ni kikwazo cha kweli. Familia inayohesabu unga na mafuta ya taa haiwezi kulaumiwa kwa kutonunua kitabu cha hadithi. Lakini wazazi wa Kenya wanajua kuchanga. Kinamama wana vyama vyao vya kununuliana sufuria, mabati na viti. Njia hiyohiyo inafaa kwa vitabu. Familia kumi zikikubaliana, kila moja ikanunua kitabu kimoja cha hadithi, hata kilichotumika, kisha vitabu vikazunguka kila wiki, baada ya wiki kumi kila mtoto atakuwa amesomewa vitabu kumi kwa gharama ya kimoja. Mwekahazina wa chama anaweza kuandika katika daftari nani ana kipi. Kikichanika, kinabandikwa.

Simu nayo inasaidia. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi zenye picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kiafrika, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzipakua na kuzichapisha bila malipo. Mwalimu mmoja mwenye data anaweza kupakua hadithi kadhaa na kuwatumia wazazi wa darasa lake lote.

Kisha kuna maktaba. Si watu wote wanaojua kwamba Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka elimu ya chekechea na maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba mkutano wa kukusanya maoni kuhusu bajeti unapoitishwa katika wadi, mzazi ana haki ya kusimama na kuuliza kuhusu maktaba na vitabu vya chekechea, kama anavyouliza kuhusu maji, barabara na zahanati. Swali lisiloulizwa haliandikwi kwenye kumbukumbu za mkutano.

Na asiwepo wa kusema kijiji chao kiko mbali mno na maktaba. Kule Garissa, kuanzia mwaka wa 1996, vitabu vilibebwa na ngamia hadi kwa jamii za wafugaji. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine alibeba hema, na watoto walisoma wakiwa wameketi kivulini. Ikiwa kitabu kiliweza kufika kwa ngamia katika nchi kame, kinaweza kufika Ganze au Magarini kwa bodaboda.

Lakini vikishafika, visifungiwe. Katika nyumba nyingi, na shuleni pia, vitabu hukaa kabatini visichafuke. Mtu huogopa kulipishwa kikipotea au kikiraruka. Hofu hiyo ina sababu, lakini kitabu kinachokaa kabatini mwaka mzima hakimfai mtoto. Kivishwe jalada la karatasi ya khaki, mtoto anawe mikono, afundishwe kufunua ukurasa kwa upole, kisha aachiwe akishike. Walimu na wazazi wakubaliane mapema kwamba ukurasa uliochanika katika kusomwa utabandikwa kwa gundi, na mtoto hatachapwa.

Dakika kumi zenyewe

Familia ichague wakati mmoja usiobadilika. Kwa wengine ni baada ya chakula cha jioni, kwa wengine ni alasiri kabla mwanga haujapotea, maana si kila nyumba ina umeme au taa ya sola. Televisheni na redio zizimwe, simu iwekwe kando isipokuwa kama hadithi imo ndani yake.

Mtoto akae karibu kiasi cha kuyaona maandishi. Anayesoma apitishe kidole chini ya maneno, asome polepole, na abadilishe sauti: fisi aongee kama fisi, na bibi kizee kama bibi kizee. Mtoto afunue kurasa mwenyewe. Akikatiza kwa swali, ajibiwe. Akitaka kitabu kilekile kwa usiku wa kumi mfululizo, asomewe, kwa kuwa mtoto hujifunza kwa kurudia, na siku moja atamaliza sentensi kabla ya msomaji. Anapojaribu kusoma mwenyewe na kukosea, asichekwe wala kugombezwa. Atamkiwe neno vizuri, hadithi iendelee.

Akina baba nao wahesabiwe. Mtoto wa kiume anayesomewa na mama peke yake anaweza kudhani vitabu ni mambo ya wanawake. Baba akisoma hata usiku mmoja kwa wiki, dhana hiyo huondoka. Baba aliye mbali kikazi, Mombasa au Ghuba, anaweza kusimulia hadithi kwa simu.

Pia vitabu vya hadithi visidharauliwe kwa sababu havimo kwenye mtihani. Mzazi yuko radhi kununua kitabu cha marudio, lakini huona hadithi ni kupoteza wakati. Mtoto anayependa hadithi husoma bila kusukumwa, na akizoea kusoma hivyo, kitabu cha marudio hakimpi taabu. Anayesoma kwa kulazimishwa hukiweka kitabu chini siku mtihani unapoisha.

Turudi kibandani. Samaki wamekwisha, jiko linapoa, na mtoto bado ameshika kipande chake cha gazeti. Mama amefanya kazi tangu alfajiri na miguu inamuuma. Anaketi kwenye kibao, anamvuta mtoto karibu, na wawili hao wanaitafuta herufi ya kwanza ya jina la mtoto kwenye karatasi yenye mafuta. Wakiipata, wanatafuta ya pili.

Ombi kwa kila mzazi na mlezi aliyesikia mazungumzo haya ni moja. Usiku wa leo, kabla watoto hawajalala, atafute kitu chochote chenye maandishi au picha: kitabu, gazeti, kalenda iliyo ukutani, hata pakiti ya unga. Akae na mtoto dakika kumi. Kesho arudie.