Kutafuta au kuchunga? Somo la maneno mawili: "look after"

Maneno ya mwalimu wa masomo ya Kiingereza ya Jumamosi mbele ya mkutano wa wanachama, Kisangani



Mwenyekiti aliponiomba niseme leo, aliniambia: "Mwalimu, usituletee grameri yote. Chagua kitu kimoja tu, lakini mutu atoke nacho hapa." Basi nimechagua maneno mawili ya Kiingereza: look after. Najua wengine watacheka. Tuko katika mji wa Kifaransa, Lingala na Kiswahili; look after inatusaidia nini kwenye soko la Kisangani? Munivumilie kidogo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu kosa hilo njo lilinifanya mwalimu.

Mimi niliondoka hapa kisha vita vya siku sita, vile vya tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita mwaka 2000, wakati majeshi mawili ya kigeni yalipigana katikati ya nyumba zetu. Wenye umri wangu hawahitaji maelezo. Nilishika njia ya Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, mpaka nikavuka kuingia Uganda. Katika mfuko nilikuwa na diploma yangu ya sekondari, na katika kichwa nilikuwa na Kiingereza cha darasani: saa chache kwa juma, mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili. Kusoma nilijua kidogo. Kusikia mutu akisema haraka, hapana.

Lakini kambini Kiingereza kidogo ni mali. Mwaka 2003, vita vya Ituri vilipowaka, watu wengi walivuka Ziwa Albert wakiwa na batoto mgongoni. Mistari ilikuwa mirefu, wakalimani wachache. Siku moja mtu wa ofisi fulani, ambayo sitaitaja, aliuliza katika mstari: "Who speaks English?" Nikanyoosha mkono. Hakuna aliyenipima. Na mimi sikusema kwamba ninajua nusu tu. Njaa ilikuwepo, na kiburi pia.

Akaja mama mmoja na watoto wawili, mvulana na msichana, watoto wa ndugu yake aliyekufa. Afisa akawaangalia wale watoto, akauliza: "Who looks after these children?"

Mimi nikatafsiri bila kufikiri: "Mama, hawa batoto, nani anabatafuta?"

Mama akajibu palepale, machozi yakimtoka: "Batu ya bunduki. Njo maana tulikimbia."

Nami nikageuza: "Men with guns."

Munaona sasa kilichotokea? Afisa aliuliza nani anawachunga watoto. Akajibiwa: watu wenye bunduki. Aliacha kuandika, akamwangalia yule mama upya, kama mutu asiyemjua. Akaita mwenzake. Jioni ile watoto walipelekwa kulala kwa jamaa nyingine, ili wachunguze kwanza mama huyo ni nani, na watoto wametoka mikononi mwa nani. Sisemi walifanya vibaya. Kwa jibu lile walilosikia, hata mimi ningefanya hivyo. Mama alilia usiku kucha akiuliza amekosa nini. Hakuna aliyeweza kumjibu, maana kosa halikuwa lake.

Ilichukua siku kumi na moja. Mkalimani mwingine, mwanamke aliyezaliwa na kukua Uganda, ndiye aliyerudia maulizo yale yale kwa Kiswahili safi: "Nani anawalea?" Mama akasema: "Ni mimi. Nani mwingine?" Ikawa imeisha. Watoto wakarudi. Yule msichana, kwa muda mrefu, alikataa kuachilia kitambaa cha shangazi yake hata wakienda kuteka maji.

Mama huyo yuko hapa ndani leo. Amenipa ruhusa niseme, ila nisitaje jina lake. Wengi wenu munakula lituma yake kila juma. Mimi nililipa miaka mingi bila yeye kunidai, kwa sababu sikuthubutu kumwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Nilimwambia hapa Kisangani, kisha sisi wote kurudi. Alinyamaza, halafu akasema: "Basi fundisha wengine." Njo hivyo ninafundisha.

Sasa tuulize: kwa nini nilikosea? Mzizi wa kosa uko hapa kwetu. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, tukisikia after tunawaza "après". Na Kifaransa cha njiani, kile tulichorithi kwa Wabelgiji, kina "chercher après quelqu'un", maana yake kumtafuta mutu. Kwa hiyo look after ikaingia sikioni mwangu ikiwa imevaa nguo za Kifaransa. Jihadharini hapo: neno la kigeni likifanana na neno unalolijua, usilikaribishe haraka. Liulize kwanza limetoka wapi.

Kutafuta, kwa Kiingereza, ni look for. Kuchunga, kulea, kutunza, ni look after. Kitenzi ni kile kile, look, kuangalia. Kinachobadilisha maana ni kile kidogo kinachofuata. Wengine wanaona Waingereza ni watu wa kutatiza. Lakini sisi pia tunafanya hivyo kila siku, ila sisi kile kidogo tunakibandika kwenye mkia wa neno. Mutu akisema "niangalie", anataka umtazame. Akisema "uniangalilie mutoto", anaenda sokoni na wewe unabaki na kazi. Silabi moja tu, li, na tayari umekuwa mlezi mpaka jioni.

Tena sisi wa chama hiki tuna mfano mzuri kupita ule. Kuna mwenye kusema "nilirudi", na kuna mwenye kusema "nilirudishwa". Hakuna mutu humu ndani anayehitaji mwalimu wa kumweleza tofauti. Mmoja alifunga mizigo yake mwenyewe, mwingine alifungiwa. Mukijua uzito wa ile "-shwa", mumeshajua uzito wa for na after.

Kwa kukumbuka, mimi ninatumia picha hii. Mutoto anatoka mlangoni kwenda shule. Mama anabaki amesimama, macho yanamfuata kwa nyuma mpaka akate kona. Hiyo ni look after: macho yanayokwenda nyuma ya mutu ili asipatwe na kitu. Look for ni macho ambayo bado hayajaona: unatafuta ufunguo, unatafuta kazi, unatafuta ndugu aliyepotea.

Tuone sasa namna inavyotumika, maana kujua maana moja haitoshi.

Kwanza, kwa watu. "She looks after her grandmother": anamtunza bibi yake. Kwa kutendwa: "The children are looked after by their aunt", watoto wanalelewa na shangazi yao. Sentensi hii mufunge kwa kichwa. Ni ile niliyoikosa.

Pili, kwa vitu na kazi. Katika likelemba yetu mama mmoja anashika kasha. Kwa Kiingereza: "She looks after our money." Ukikosea ukasema "She looks for our money", umemtangaza mbele ya wafadhili kwamba feza zimepotea na yeye anazitafuta!

Tatu, kwa kupokelewa. Mgeni akisema "They looked after me very well", anasifu: walinipokea vizuri, nilikula, nililala, sikukosa kitu.

Nne, kwa kuagana. "Look after yourself": ujichunge. Si karipio, ni upendo. Lakini mutu akikujibu kwa ukali "I can look after myself", ujue anakwambia: najiweza, niache. Sauti njo inaonyesha.

Sasa namna ya kulipanga neno. Look after haipasuliwi. Tunasema "look after the child" na "look after her". Hatusemi "look her after". Kuna ndugu yake, look up, kutafuta neno katika kamusi, ambayo inapasuliwa: "look up the word", lakini ukiweka it ni lazima iingie katikati, "look it up". Hapo hakuna mantiki ya kutafuta. Ni desturi tu, unaizoea kwa mdomo, kama mutoto.

Ndugu wengine wa look nitawapitia mbio. Look into ni kuchunguza. Ofisi ikikwambia "We will look into it", hawajakukubalia, hawajakukatalia, wamesema watachunguza. Usiende kuuza kitanda chako kwa sababu ya maneno hayo. Look down on ni kudharau, neno ambalo waliorudi mikono mitupu wanalijua bila kamusi. Look up to ni kinyume chake, kumheshimu mutu. Na look forward to ni kungoja kwa furaha, kisha to hiyo weka kitenzi chenye -ing: "We look forward to hearing from you."

Hii ya mwisho nimeitaja kwa sababu ya barua yetu moja. Wafadhili, nawaomba musamehe. Mwaka ule katibu wetu aliandika mwisho wa barua: "We are looking after your answer." Alitaka kusema tunangoja jibu lenu. Alichosema ni kwamba jibu lenu tunalitunza, tunalilisha na kulilaza. Mulijibu kwa upole, na jibu lile kweli tumelitunza, liko kwenye faili.

Mutu anaweza kuuliza: tumesharudi, tunahitaji hayo tena? Ndiyo. Angalieni mambo matatu.

Jambo la kwanza ni makaratasi ya watoto. Waliosoma Uganda wanarudi na ripoti za Kiingereza, na shule zetu hapa zinataka kuelewa kwa Kifaransa. Mwaka jana kijana wetu mmoja alimtafsiria mzazi ripoti ya msichana wake. Mwalimu wa kule alikuwa ameandika: "She looks after her books." Kijana akaandika kwa Kifaransa kwamba mutoto huyu anatafuta vitabu vyake. Mutoto mwenye kutunza vitu akageuka mutoto mwenye kupoteza vitu! Tuliona kabla karatasi haijafika shuleni, tukarekebisha.

Jambo la pili ni biashara na safari. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wanachama wetu wanaenda Kampala kununua vitu, na wengine bado wana ndugu kambini. Kiingereza hakijatuacha.

Jambo la tatu ni vijana wetu wanaoitwa kutafsiri, kama mimi nilivyoitwa. Kwao nina maneno manne.

Ukiulizwa kama unajua Kiingereza, sema unajua kiasi gani. "A little" si haya.

Usitafsiri neno ambalo hukulisikia vizuri. Sema: "Please say it again." Ukishindwa, mwombe afisa aseme kwa maneno mengine.

Jibu likikushangaza, simama. Mimi nilipaswa kusimama palepale. Mama anasema watu wa bunduki wanalea watoto? Jibu lisilolingana na maulizo mara mingi ni dalili kwamba mkalimani amekosea, na si kwamba mutu anadanganya.

Tena, kabla mutu hajatia sahihi au kidole, omba asomewe tena yaliyoandikwa, katika luga yake. Nanyi mutakaoulizwa, msione haya kusema: "Mkalimani huyu sielewani naye, naomba mwingine." Hilo si matusi kwa mtu.

Wafadhili wetu, munapenda tuseme wazi tunahitaji nini, basi nasema. Darasa la Jumamosi lina ubao mmoja na kamusi moja yenye kurasa zilizotoka. Tunahitaji kamusi za Kiingereza na Kifaransa, na za Kiingereza na Kiswahili. Tunahitaji pia nauli ya toleka kwa wanafunzi wanaotoka mbali, hasa wale wa Lubunga, ambao wanalipa kwanza kuvuka mto.

Wanachama, kwenu sina ombi la feza. Ninaomba kila mwenye Kiingereza alichokipata kule, hata kama ni cha jikoni au cha soko, aje kukaa na sisi saa moja. Kuna bamama humu ndani waliofanya kazi katika nyumba za watu Kampala. Hao look after wanaijua kwa mikono kuliko mimi kwa kitabu.

Yule msichana wa kitambaa amekuwa mtu mzima. Mwezi uliopita alikuja darasani, akakaa nyuma. Nikamwandikia ubaoni sentensi moja aitafsiri: "My aunt looked after me." Aliisoma kimya, akaandika chini yake, bila kuniuliza kitu: "Shangazi yangu alinilea."

Nilimpa kumi juu ya kumi.