OMAR MUKHTAR HAKUWA MALI YA GADDAFI

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana waliokusanyika kutazama filamu ya "Lion of the Desert", yaani Simba wa Jangwani. Tunayachapa kama alivyoyatoa. – Mhariri)

 

Mmekaa karibu saa tatu mnatazama vita, na najua viuno vinauma. Sitawachosha. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, kwa hiyo msitegemee niwape mhadhara wa chuo kikuu. Nataka tuulizane maswali matatu tu. Huyu mzee mliyemwona akinyongwa alikuwa nani? Nani alilipa gharama za kutuonyesha kifo chake? Na huyo aliyelipa alijifunza nini kutokana na picha aliyoilipia?

Nianze na jambo ambalo kila mmoja wenu ameliona. Katika filamu nyingi za vita tunazoletewa, Mwarabu ana kazi moja, nayo ni kukimbia, kupiga kelele na kuanguka. Hana jina, hana mama, hana hoja. Mkipiga makofi kwenye kibanda umiza, mnampigia makofi anayemuua. Hapa kamera imehamia upande wa pili wa bonde. Tunakaa na wapiganaji kwenye miamba, tunasubiri nao vifaru, tunawaona wake zao nyuma ya seng'enge. Kwa mara ya kwanza mwenye kuvamiwa ndiye msimulizi.

Nasema hivyo nikijua ina kasoro. Mzee Omar ameigizwa na Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico. Jenerali Graziani ni Oliver Reed, Mwingereza. Wote, Mwarabu na Mtaliano, wanazungumza Kiingereza. Macho ni ya Mwarabu lakini ulimi umeazimwa. Hata hivyo, kuazima ulimi ni afadhali kuliko kukatwa.

MWALIMU WA MADRASA

Sasa historia. Italia iliivamia Libya mwaka 1911, ikiinyang'anya kutoka kwa Waturuki. Ni katika vita hiyo, Novemba 1, 1911, ambapo bomu lilidondoshwa vitani kutoka kwenye ndege kwa mara ya kwanza duniani. Lilidondoshwa katika ardhi ya Libya.

Omar Mukhtar hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mwalimu wa Kurani katika zawiya za Wasanusi. Alipigana miaka 20, kuanzia 1911 hadi 1931, kule mashariki, kwenye milima inayoitwa Jebel Akhdar, yaani Mlima wa Kijani. Filamu inaonyesha miaka michache ya mwisho tu, baada ya Mussolini na mafashisti wake kuona aibu kwamba mzee wa miaka zaidi ya 70, mwenye farasi na bunduki, anawashinda wenye ndege na vifaru.

Graziani akaletwa. Hakuanza na wapiganaji, alianza na wananchi. Alijua mpiganaji wa msituni ni samaki na wananchi ndio maji. Basi akayakausha maji. Watu wapatao 100,000 walihamishwa kutoka milimani pamoja na mifugo yao, wakatiwa kwenye kambi za jangwani. Makumi ya maelfu walikufa humo kwa njaa, maradhi na kunyongwa. Kisha akajenga uzio wa seng'enge wenye urefu wa kilometa zipatazo 270 kwenye mpaka wa Misri, ili chakula na silaha visipite. Mliona katika filamu jinsi ule uzio unavyotandazwa mchangani. Watazamaji wengi hudhani ni chumvi ya watengeneza sinema. Si chumvi. Ulikuwapo.

Omar alikamatwa Septemba 11, 1931. Kesi ikasikilizwa Benghazi siku nne baadaye, ikaisha siku hiyo hiyo. Wakili wake alikuwa kapteni wa jeshi la Italia, Roberto Lontano. Afisa huyu alijitahidi kumtetea kwa haki, na malipo yake yakawa kuadhibiwa na jeshi lake. Septemba 16 mzee akanyongwa mjini Soluq mbele ya umati wa watu waliotolewa kambini na kulazimishwa kutazama.

Ndugu zangu, kaeni na neno moja kichwani: MATEKA. Laiti mahakama ile ingekubali kwamba Omar ni mateka wa vita, isingeweza kumnyonga kwa kupigana. Ilibidi aitwe mwasi. Lakini huwezi kumwasi mtu ambaye hujawahi kumkubali kuwa mtawala wako. Watawala wana mchezo huo popote walipo. Kwanza wanakubadilisha jina, halafu wanakupiga kwa jina hilo jipya.

Jambo jingine ambalo nisingependa tulifunike. Sehemu kubwa ya jeshi lililomsaka Omar Mukhtar haikuwa ya Wataliano. Walikuwa askari wa Eritrea, Waafrika waliolipwa mshahara na mkoloni. Neno lililotumika kwao ni lile lile letu: askari. Sisi tunalijua vizuri. Wajerumani na Waingereza walitupiga kwa mikono yetu wenyewe. Na Graziani alipomaliza Libya alikwenda Ethiopia. Mwezi Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua, Addis Ababa iligeuzwa machinjio kwa siku tatu. Mtu huyu hakushitakiwa kamwe kwa damu ya Libya wala ya Ethiopia. Mwaka 2012, katika kijiji cha Affile huko Italia, walimjengea mnara wa kumbukumbu. Msidhani mambo haya yamekwisha.

"HAO SI WALIMU WETU"

Mnakumbuka yule luteni kijana wa Kitaliano aliyebaki peke yake baada ya wenzake kuuawa? Wapiganaji wanataka kummaliza. Omar anakataa. Anaambiwa kwamba wao Wataliano wanaua mateka wetu. Naye anajibu kwa ufupi kwamba hao si walimu wetu.

Kwangu mimi, filamu nzima iko hapo. Mizinga na milipuko ni viungo tu. Mzee anawaambia vijana wake kwamba adui anaweza kukunyang'anya ng'ombe, nyumba na nchi, lakini usimruhusu akufundishe tabia. Ukishajifunza kwake namna ya kumtendea mtu aliyefungwa mikono, ameshakushinda hata kama umemfukuza.

Yaliyofuata nje ya filamu ndiyo yanayotisha.

MKUKI KWA NGURUWE

Filamu hii iliongozwa na Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, Syria, aliyekwenda kuishi Marekani. Ilitoka mwaka 1981. Iligharimu dola milioni 35 hivi, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na zilitoka kwa serikali ya Kanali Muammar Gaddafi. Kwenye kumbi za sinema iliambulia hasara.

Sasa tuulizane. Kiongozi anayetoa mamilioni yote hayo ili dunia ione ubaya wa jeshi la kigeni kuingia nchi ya watu, yeye mwenyewe alikuwa akifanya nini?

Wazee wetu hapa wanajua jibu. Mwaka 1979, miaka miwili tu kabla ya filamu kutoka, Gaddafi alipeleka askari wake Uganda kumwokoa nduli Idi Amin. Mwezi Machi walipambana na JWTZ huko Lukaya, na wengi wao hawakurudi kwao. Mwezi huo huo Gaddafi aliipa Tanzania saa 24 iondoke Uganda, la sivyo ataingia vitani waziwazi. Mwalimu Nyerere akatangaza redioni kwamba hatutishiki. Ndege ya Libya ikatumwa kupiga ghala la mafuta la Mwanza. Bomu likaangukia kisiwa cha Saanane, likaua swala. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Na vipi kuhusu mateka? Wapo Walibya tuliowakamata ambao waliachiwa wakarudi kwao.  Sisi hatukuwa na filamu ya dola milioni 35, lakini kwa hilo tulikuwa karibu zaidi na Omar Mukhtar kuliko mwenye filamu.

Nyumbani kwake pia Gaddafi alimfanya mzee huyu nembo ya dola. Sura yake ikawekwa kwenye noti ya dinari 10. Kumbe ndani ya nchi hiyo hiyo mtu akihoji utawala anatoweka, chama cha upinzani ni kosa la kifo, na mahakama za haraka zinanyonga watu hadharani na kuonyesha kwenye televisheni. Kama pale Soluq. Watawala wanampenda sana shujaa aliyekufa. Shujaa aliyekufa hahutubii, hagombei, na haulizi fedha za mafuta zimekwenda wapi.

Italia nayo haikukaa kimya. Mwaka 1982 filamu hii ilizuiwa huko kwa maelezo kwamba inavunja heshima ya jeshi. Heshima gani hiyo inayovunjwa na sinema lakini haivunjwi na kambi za mateso? Zuio lilidumu hadi Juni 2009, ilipoonyeshwa kwenye televisheni siku ambazo Gaddafi alikuwa mgeni mjini Roma. Alishuka kwenye ndege akiwa amebandika kifuani picha ya Omar Mukhtar amefungwa pingu, akasalimiana na Berlusconi.

Kwa nini milango ilifunguka? Kwa sababu biashara ilikuwa imeshafungwa. Agosti 2008 Italia iliahidi kuilipa Libya dola bilioni 5 katika miaka 20 kwa ajili ya dhambi za ukoloni, na Libya ikakubali kusaidia kuzuia wahamiaji baharini. Mei 2009 meli za Italia zikawakamata watu wapatao 200 katikati ya bahari na kuwarudisha Tripoli bila kuwasikiliza. Miongoni mwao walikuwamo Wasomali na Waeritrea. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 2012 kwamba Italia ilivunja haki zao. Damu ya mzee aliyefungwa seng'enge ikageuzwa kuwa bei ya seng'enge nyingine, safari hii ya maji, dhidi ya ndugu zetu wa Pembe ya Afrika.

MWISHO WA WAWILI

Akkad, aliyetumia fedha za watu na nguvu zake kuonyesha mpiganaji wa Kiislamu asiyeua mateka wala wanyonge, aliuawa kwa bomu. Novemba 2005 mahoteli mjini Amman, Jordan, yalilipuliwa na al-Qaeda ya Iraq. Akkad alifariki kwa majeraha, na binti yake Rima alikufa katika mlipuko huo. Waliomuua walijiita mujahidina, jina lile lile la vijana wa Omar. Kumbe jina halimfanyi mtu.

Februari 2011 watu wa Benghazi waliinuka, wakabeba picha za Omar Mukhtar dhidi ya Gaddafi. Nembo ikamgeuka mwenye nembo. Oktoba 20, 2011, Gaddafi alikamatwa Sirte akiwa hai, ametoka kwenye kalvati. Vijana wenye simu wakampiga, wakamdhalilisha, na hakufika mahakamani.

Najua humu ndani wapo watakaosema alistahili. Mimi naye sina machozi ya kumlilia. Lakini nauliza, siku ile nani alikuwa mwalimu wa vijana wale? Hakuwa Omar Mukhtar. Alikuwa Gaddafi mwenyewe. Miaka 42 aliwafundisha kwamba mwenye nguvu hamfikishi adui yake mbele ya sheria, na siku ya mtihani wakafaulu somo lake. Angalieni Libya ilivyogawanyika baada ya hapo, makundi yenye silaha mashariki na magharibi, kila moja na magereza yake.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, sisi tunaotaka mabadiliko tujiulize hili mapema, kabla hatujayapata. Kudai haki ukiwa chini ni rahisi, kwa sababu ndiyo silaha pekee uliyonayo. Kipimo ni siku adui yako yuko mikononi mwako, amevuliwa viatu, na umati unapiga kelele za kutaka damu. Tukiwa tumejifunza siasa kwa wanaotupiga, tutabadilisha watu kwenye viti na kuacha rungu pale pale.

Jambo la pili. Mashujaa wetu tuwasimulie wenyewe. Bushiri bin Salim, Mwarabu wa pwani hii aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro Agosti 1905. Filamu zao zenye uzito wa hii mliyoiona leo ziko wapi? Fedha ni tatizo, nakubali. Lakini tangu sheria ya filamu ya mwaka 1976, mtengeneza filamu wetu amezoea kupeleka kwanza maandishi yake kuomba kibali. Shujaa anayepita kwenye meza ya karani hutoka amekatwa kucha.

Na tukiwasimulia, tuwasimulie wote walivyo. Bushiri alikuwa mpiganaji, alikuwa pia bwana wa mashamba yenye watumwa. Tusimfanye malaika ili kesho mtawala fulani ambandike kifuani. Shujaa aliyesimuliwa kwa ukweli ni vigumu kumwiba.

Mkitoka hapa, msiniambie filamu ilikuwa na vifaru vingi. Niambieni mngemfanya nini yule luteni.