Habari ya Hud-hud: Kuwafundisha Wanafunzi Kupima Habari za Intaneti

(Hotuba kwa wazazi, waalimu na wanafunzi, Likombe, Mtwara)



Mada niliyopewa ni namna ya kuwafundisha vijana wetu kutafuta habari katika intaneti na kuzipima kabla ya kuzitumia. Huenda mzee mmoja akasema moyoni kwamba hilo ni jambo la shule, msikiti unahusikaje? Jibu ni kwamba katika nyumba nyingi msomaji wa simu ni mtoto. Baba huuliza, "Wanasemaje huko?" na mwanafunzi wa sekondari ndiye anayesoma kwa sauti. Akisoma uongo, nyumba nzima imeamini uongo. Kwa hiyo elimu yake ni amana ya nyumba nzima.

Katika Sura An-Naml tunasoma habari za Nabii Sulaiman a.s. na ndege hud-hud. Ndege yule alichelewa, kisha akaja na habari kubwa ya nchi ya Saba na malkia wake, akidai kuwa ni habari ya yakini. Nabii Sulaiman hakumkubalia papo hapo, wala hakumkadhibisha. Alimwambia kwamba atatazama kama amesema kweli au la, akampa barua aipeleke, akangoja jawabu. Na katika Sura Al-Hujurat waumini wameamrishwa kuchunguza habari iletwayo na mtu mwovu, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajuta. Tunajifunza kwamba kuamini kwa haraka na kukanusha kwa haraka vyote viwili hutokana na uvivu ule ule wa kutochunguza.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mwezi Aprili 2019, TMA, taasisi ya serikali ya hali ya hewa, ilitutahadharisha watu wa kusini juu ya kimbunga kilichoitwa Kenneth. Tarehe 25 Aprili kimbunga hicho kiliingia nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kaskazini ya mji wa Pemba. Huko Msumbiji watu wapatao 45 walifariki. Sisi Mwenyezi Mungu alituepusha.

Sasa mpeni mwanafunzi kazi ya kutafuta habari za kimbunga hicho, mtaona mitego inayomngoja. Kwanza, atakuta jina la Pemba. Asipokuwa makini ataandika kwamba kimbunga kilipiga kisiwa cha Pemba, Zanzibar, hali Pemba inayotajwa ni ule mji wa Msumbiji ulioitwa Porto Amélia zama za Wareno. Pili, ataona kwamba waliokufa Msumbiji ni zaidi ya 600. Hao ni wa kimbunga Idai, kilichopiga Beira mwezi Machi mwaka huo huo, wiki sita kabla ya Kenneth. Tatu, atakuta kasi mbili tofauti za upepo, akadhani mmoja amesema uongo. La hasha! Kituo cha kisiwa cha Réunion, chenye dhamana ya vimbunga vya upande huu wa Bahari ya Hindi, huchukua wastani wa dakika 10, na Wamarekani huchukua wastani wa dakika 1. Vipimo ni viwili, upepo ni mmoja.

Na akikuta mtu aliyeandika kwa kujiamini kwamba pwani ya Tanzania haijapata kupigwa na kimbunga, afanye nini? Aendelee kutafuta. Ataona kwamba Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, na Lindi, jirani zetu, Aprili 1952. Tena mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Ndugu zangu, wapo wasemao kwamba mwaka 2019 tuliogopeshwa bure. Maneno hayo yana hatari kubwa kuliko uvumi wenyewe. Utabiri wa njia ya kimbunga hutolewa upya kila baada ya saa chache, kwa sababu njia yenyewe hubadilika. Tangazo la jana si uongo kwa kuwa la leo limebadilika. Mvuvi akizoea kudharau matangazo, siku moja ataingia baharini wakati asiopaswa kuingia, na watoto wake watabaki yatima.

Maulamaa wa Hadithi walitutangulia katika elimu hii. Imamu Bukhari na Imamu Muslim hawakutosheka na uzuri wa maneno. Walichunguza sanadi, yaani nani amepokea kutoka kwa nani, na matini, yaani maneno yenyewe yanasimama au hayasimami. Basi kila mwanafunzi na afundishwe maswali matatu: Nani amesema? Amesema lini? Amejuaje? Habari isiyo na mwenyewe wala tarehe asiisome mbele ya wazee kama kwamba ni kweli. Kurasa ambazo kila mtu aweza kuziandika azifanye mlango tu, apite hadi kwa mwenye habari. Na siku hizi picha na sauti huweza kutungwa na kompyuta, hivyo jicho na sikio peke yake havitoshi.

Wazazi, mtoto akiwasomea habari, mwulizeni imetoka wapi, na akijibu kwamba hajui, msimkaripie, bali mtumeni akatafute. Waalimu, mpeni alama mwanafunzi aliyeonyesha chanzo chake, si aliyenakili kurasa nyingi. Nasi wa misikitini, kipaza sauti chetu kisitangaze ujumbe uliofika simuni kabla ya kuuliza kwa wahusika, kwani watu huamini kinachotoka hapa.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu wawe wasema kweli na wachunguzi wa kweli, na ailinde pwani yetu na kila shari. Amin.