Lango Linalofunguka kwa Simu: Tuulize Nini kabla ya Kulipa?

Siku hizi fundi huweza kumwekea mteja kompyuta ndogo ya bei nafuu, akaandika mistari michache ya programu kwa lugha ya Python, na mwenye nyumba akafungua lango au kuwasha pampu ya maji kwa simu angali safarini. Kompyuta hiyo huwa seva: hukaa ikisubiri ombi, na ombi lifikapo kwenye anwani iliyopangwa, swichi huwashwa.

Hatuji kuwakataza huduma hii. Twawakumbusha tu kwamba seva isiyofundishwa kuuliza humtii yeyote aijuaye anwani. Seva nyepesi inayokuja pamoja na Python, iitwayo http.server, inafaa kujifunzia. Waundaji wake wenyewe wameonya kwamba haifai kutegemewa katika matumizi halisi, kwa kuwa ukaguzi wake wa usalama ni mdogo.

Tena, baadhi ya programu za ujumbe hufungua kiungo zenyewe ili kuonyesha dokezo la ukurasa. Mzazi akimtumia mwanawe kiungo cha lango, lango laweza kufunguka kabla mtoto hajakigusa.

Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Tujifunze hapo.

Basi, kabla ya kulipa, tumuulize fundi:

1. Je, seva inadai neno la siri, na nimelichagua mwenyewe?
2. Je, mawasiliano yanalindwa kwa HTTPS, ili neno hilo lisisomwe njiani?
3. Je, amri hutekelezwa baada ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha, au kufungua kiungo tu kwatosha?
4. Umeme au intaneti ikikatika, lango litabaki limefungwa, na aliye ndani ataweza kulifungua kwa mkono?
5. Kazi ikiisha, ni nani mwingine atabaki na uwezo wa kuingia, na programu itasasishwa na nani?

Majibu yaandikwe na kutiwa saini, yahifadhiwe pamoja na risiti. Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali haya; anayeyakwepa tusimkabidhi mlango wa nyumba zetu.

Tahadhari kabla ya hatari.