Anayetuuguza, Nani Amshike Mkono?

(Maneno yaliyosemwa kwa vikundi vya kujisaidia, Kalemng'orok)



Akina mama, akina baba na vijana, korona ilipotangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, tuliambiwa tukae mbali na wenzetu. Je, nesi angekaa mbali na mgonjwa namna gani? Tarehe 10 Julai mwaka huo alifariki Nairobi Dk. Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza kufa kwa korona hapa Kenya. Basi mhudumu wa afya anayetembea juani manyatta hadi manyatta, moyo wake ulikuwaje?

Ugonjwa mwingine ukija, tusingoje. Tuanze sasa.

Kwanza, wahudumu wawe wawili wawili. Kila juma wakutane, mmoja aseme, mwenzake asikilize tu. Asihubiri. Siri ibaki hapo hapo.

Pili, wachungane. Mwenzako halali, ana hasira za bure, ameanza pombe? Muulize kwa upole. Hali ikizidi, msindikize hospitali Lodwar, usimwache aende peke yake.

Tatu, ni sisi vikundi. Pesa tunachanga kwa zamu, si ndiyo? Hata mtungi wa maji na mzigo wa kuni tunaweza kumpelekea kwa zamu. Na jamani, tusiikimbie nyumba yake.

Musa alipochoka, Haruni na Huri walimshikilia mikono mpaka jua likatua. Hawakumwambia ajikaze. Nasi tufanye hivyo.

Mungu awabariki.