Kijana, Majuto Peke Yake Hayatoshi

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.



Ama baad. Leo tuzungumze jambo ambalo huku kwetu Malindi na Kilifi husemwa kwa kunong'ona. Mwaka 2018 magazeti ya nchi nzima yaliandika habari za Kilifi: wasichana wajawazito katika vyumba vya mitihani ya taifa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 nao ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Hesabu hizo ni za wasichana. Je, mvulana yuko wapi? Mara nyingine aliyempa mimba ni mtu mzima, na huyo ana kesi yake. Lakini mara nyingine ni kijana wa rika lake, na Ramadhani hii yuko safu ya nyuma msikitini, anaswali tarawehe huku moyo unamuungua. Nataka kusema na huyo.

Ndugu yangu, najua unajiuliza: "Hivi saumu yangu itakubaliwa kweli?" Daku hailiki, masomo hayaingii, ukimwona babake msichana unapita kichochoro kingine. Pengine shetani ameshakunong'oneza kwamba bora utorokee Mombasa, au bora ufe. Usimsikilize! Katika Suratu Zumar, aya ya 53, Mwenyezi Mungu anawaita waja wake waliojidhulumu na kuwakataza wasikate tamaa na rehema zake. Ulilofanya ni dhambi kubwa, hatulipunguzi. Lakini mlango haujafungwa.

Wala hukuamrishwa ujitangaze mtaani. Maiz alipokuja kukiri zinaa, Mtume (S.A.W.) alimgeuzia uso mara kadhaa, na Hazzal aliyemhimiza aende akaambiwa kuwa lau angemsitiri ingekuwa bora kwake.

Lakini kusitiriwa kusiwe ndiyo kukimbia. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutoirudia. Na ikiwa ndani yake mna haki ya mwanadamu, kuna sharti la nne: kumrudishia mwenye haki haki yake. Hapa ndipo tunapokwama. Kujuta tunajua, machozi yanatutoka kwenye kunuti. Sharti la nne tunalipita mbali.

Hebu tazama. Wewe bado uko darasani, yeye yuko nyumbani. Wewe hakuna anayekujua, yeye anasemwa kila akipita. Basi haki yake ya kwanza ni kutokanwa. Usiseme "si mimi", wala "alikuwa na wengine", na hali wajua ukweli. Na usimpeleke kwa mtu wa vidonge vya kificho ili mambo yaishe. Wasichana hufa kwa njia hiyo.

Kuna anayesema: "Chuoni tumesoma kuwa mtoto wa nje hana nasaba kwa baba, basi mimi sidaiwi." Ni kweli, katika madhehebu yetu ya Shafi mtoto huyo hunasibishwa na mamake, na kwa baba harithi. Lakini hukumu hiyo haikuwekwa iwe kichaka cha kujifichia. Mtoto hana kosa lolote. Na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inawapa baba na mama jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Huna kazi? Jumamosi unaweza kuosha pikipiki au kubeba mizigo sokoni. Shilingi mia mbili za maziwa, kila wiki bila kukosa, ni kitu.

Sasa fanya hivi. Kabla ya Idi, tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini: ami, mjomba au ustadhi wako. Mwambie yote. Kwa wazazi wa msichana usiende peke yako. Na kwanza muulizeni wakili, manake Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haitambui ridhaa ya aliye chini ya miaka 18, na wavulana wa rika lako pia wameshtakiwa. Na kama ulimlazimisha, jua kuwa hiyo ni dhulma na jinai, usiiite bahati mbaya. Kama huna kabisa wa kumwambia, piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Nanyi wazee wetu, kwa heshima: msiharakishe kuwaozesha watoto ili kufunika aibu, Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza. Msichana arudi shule, kwani mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unampa nafasi hiyo baada ya kujifungua. Na mvulana msimfukuze nyumbani. Aliyefukuzwa atamtunzaje mtoto?

Ewe Mola, tukubalie saumu zetu, tusitiri aibu zetu, na utupe nguvu ya kurudisha haki za watu kabla hatujadaiwa mbele yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.