Pilau ya Ijumaa na Hesabu ya Wanga

Msikilizaji, Likoni hadi Kisauni, Ijumaa ina harufu yake: bizari nyembamba na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaiva rangi. Aliyejinyima wanga tangu Jumamosi hujiambia, leo ni leo. Je, ameharibu kazi ya wiki?

Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga. Anayefuata kwa ukali keto, ule mlo wa wanga kidogo sana, hujiwekea chini ya 50 kwa siku nzima. Na nani, mbele ya sinia, hula kikombe kimoja? Mwili huacha kutegemea mafuta, ukarudia sukari. Kuugeuza tena huchukua siku mbili, tatu, au zaidi. Nusu ya wiki imekwenda hapo. Uzito ulioongezeka Jumamosi asubuhi usikutishe, mwingi ni maji: kila gramu ya wanga inayohifadhiwa mwilini hushika kama gramu 3 za maji.

Anayepunguza wanga kwa wastani, sahani moja haimvunji. Kinachomvunja, naona mimi, ni sahani kugeuka siku nzima: mahamri alfajiri, pilau adhuhuri, viazi karai jioni, kaimati usiku. Mwenye kisukari anayejidunga insulini, hilo la kufunga na kufungulia wanga alipange na daktari wake kwanza.